Kuchagua rejeta ya kupoza kompyuta ya michezo iliyoovaklokiwa, hatua kwa hatua

Kuovakloki ni kuiendesha prosesa au kadi ya michoro kwa kasi kuliko iliyopangiwa kiwandani; joto huongezeka, na wengi huipoza kwa maji. Rejeta ndicho kifaa chenye mapezi na feni kinachotoa joto la maji hayo kwenda hewani, na namba kama 240 au 360 ni ukubwa wake. Maswali ni yale yale kila siku. "Rejeta ya 240 itatosha?" "Ninunue moja nene ya milimita 60 au mbili nyembamba?" "Mbona nimefunga 360 na prosesa bado inafika nyuzijoto 95?" Wengi wanaouliza wameshaipenda rejeta fulani, wanataka tu kuambiwa ndiyo au hapana. Mwongozo huu unaanzia kwingine: kompyuta yako itamwaga wati ngapi kwenye maji, kasha lako lina nafasi gani kwa kweli, na kelele za feni utazivumilia kwa kiwango gani. Ukiwa na majibu ya hayo matatu, rejeta zinazofaa hubaki mbili au tatu tu, na kazi ya kuchagua inakuwa nyepesi.

Nimemlenga anayejifungia mfumo wake wa maji mwenyewe, wenye pampu, tangi, mipira na bloku, yaani kipande cha chuma kinachokaa juu ya prosesa au kadi na kupitishiwa maji. Anayenunua seti iliyokwisha kujazwa maji kiwandani naye atafaidika na hatua ya 1 hadi ya 4, kwa sababu hesabu ya wati na vipimo vya kasha ni vile vile.

Nadharia ya kutosha kuendelea

Rejeta haiipozi prosesa. Inapoza maji. Kati ya maji na kiini cha prosesa kuna bloku, pesti ya joto inayopakwa kujaza mwanya chini ya bloku, na lile bamba la chuma linaloifunika prosesa. Kwa hiyo kuna tofauti mbili za joto, na ukizichanganya utanunua kitu kisichokusaidia. Tofauti ya kwanza ni kati ya maji na hewa inayoingia kwenye rejeta. Hiyo inaamuliwa na rejeta na feni zake. Ya pili ni kati ya kiini na maji. Hiyo inaamuliwa na bloku, pesti, na wati zinazobanwa kwenye eneo dogo la silikoni.

Tuseme hewa ya chumba ina nyuzijoto 28, maji 38, kiini 82. Rejeta inahusika na zile 10 tu. Zile 44 zilizobaki haziko mikononi mwake. Ukiongeza rejeta ya pili sawa na ya kwanza, maji yatashuka hadi 33 hivi, na kiini kitafika 77. Umepata nyuzijoto 5 kwa gharama ya rejeta nzima na feni zake. Na hata ukijaza rejeta chumba kizima, maji hayatashuka chini ya joto la hewa iliyomo.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kompyuta yenyewe ikiwa inafanya kazi, hata kama bado inapozwa kwa feni, ili upime wati.
- Programu ya kusoma vipimo, kama HWiNFO, na ya kuipa prosesa kazi nzito, kama Cinebench au OCCT.
- Tepu au rula yenye milimita, kadibodi, mkasi na kalamu.
- Kijitabu cha maelezo cha kasha lako, hasa ukurasa unaoorodhesha rejeta zinazoingia mbele, juu, chini na nyuma.
- Kipimajoto cha hewa ya chumba. Cha bei ndogo kinatosha.
- Sensa ya joto la maji yenye hesi ya G1/4, kipimo cha kawaida cha matundu ya rejeta. Nunua sasa, pamoja na fitingi, yaani viungio vya mipira. Bila hiyo utabaki unakisia tu.
- Lita kadhaa za maji yaliyokenekwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke kisha yakarudishwa kuwa maji, ya kuoshea rejeta mpya.

Hatua ya 1: Pata wati halisi

Fungua HWiNFO, tafuta mstari wa nguvu ya prosesa na ule wa nguvu ya kadi ya michoro, kisha cheza mchezo wako mzito kuliko yote kwa nusu saa. Andika wastani wa kila mmoja. Kisha endesha Cinebench kwa dakika 10 na uandike nguvu ya prosesa tena. Utapata namba mbili za prosesa, na zinaweza kupishana sana. Mtu wa michezo achague rejeta kwa namba ya mchezoni, kwa sababu hapo ndipo prosesa na kadi zinafanya kazi pamoja kwa saa nyingi. Ile ya Cinebench ni ya kukuonyesha kilele.

Namba iliyoandikwa kwenye boksi haitoshi. AMD Ryzen 9 7950X imeandikwa wati 170, lakini soketi, mahali inapochomekwa kwenye madabodi, inaruhusiwa kuipa 230. Intel Core i9-14900K imeandikwa 125, kikomo chake cha juu ni 253, na ukiondoa kikomo kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya madabodi) inapita 300 kwenye kazi nzito. Kwa upande wa kadi, GeForce RTX 4070 ni wati 200, RTX 4090 ni 450, RTX 5090 ni 575.

Kama bado hujaovakloki, kadiria hivi: nguvu hukua sawia na kasi, na sawia na mraba wa volti. Prosesa inayokula wati 200 kwa gigahezi 5.0 na volti 1.20, ukiipeleka gigahezi 5.3 kwa volti 1.35, itakula wati 268 hivi. Angalia ongezeko hilo limetoka wapi: kasi imechangia asilimia 6 tu, volti imechangia zaidi ya asilimia 26. Ndiyo maana napenda kumwambia kila anayeanza atafute kwanza volti ya chini kabisa inayoishikilia kasi anayoitaka. Saa mbili za uvumilivu kwenye BIOS zinaweza kukuokolea rejeta nzima.

Mwisho ongeza wati 10 hadi 20 za pampu, maana karibu nguvu yote ya pampu huishia kwenye maji.

Hatua ya 2: Amua maji yatazidi hewa kwa kiasi gani

Tofauti ya nyuzijoto 10 kati ya maji na hewa ni shabaha nzuri kwa kompyuta iliyoovaklokiwa. Nyuzijoto 15 zinakubalika, hasa kwa anayebanwa na kasha dogo. Ukitaka 5, jiandae kwa rejeta nyingi sana au feni zenye kelele, na faida utakayoipata kwenye kasi ni ndogo.

Chumba chako ndicho kinachoamua zaidi. Mwenye chumba cha nyuzijoto 22 akikubali tofauti ya 15, maji yake ni 37 na hana shida. Mwenye chumba cha 32 akikubali tofauti hiyo hiyo, maji yanafika 47. Mimi nisingependa maji yapite 45. Pampu za aina ya D5 zina kikomo cha nyuzijoto 60, na mabomba magumu ya plastiki ya PETG huanza kulainika karibu na joto hilo, kwa hiyo unataka nafasi ya kutosha kabla ya kufika huko. Chumba chenye joto kinahitaji rejeta kubwa zaidi kwa wati zile zile.

Hatua ya 3: Geuza wati kuwa ukubwa

Jina la rejeta linatokana na feni zinazokaa juu yake. Ya 360 hubeba feni tatu za milimita 120. Ya 280 hubeba mbili za 140. Eneo linalopitiwa na hewa ni hili, kwa sentimita za mraba:

- 120: 144
- 240: 288
- 280: 392
- 360: 432
- 420: 588
- 480: 576
- 560: 784

Isome orodha hiyo polepole, kwa sababu ina mambo mawili ambayo watu huyakosa. Ya 360 inaizidi ya 280 kwa asilimia 10 tu. Kama kasha lako linakubali 280 juu lakini 360 ingekulazimu uondoe kitu kingine, usijitese. Na ya 420 ina eneo kubwa kidogo kuliko ya 480, huku ikiwa fupi kuliko hiyo. Kasha likiruhusu feni za 140, zifikirie kwanza.

Kanuni ya kukadiria: kila kipande cha feni ya 120 huondoa karibu wati 100 kwa tofauti ya nyuzijoto 10, feni zikizunguka mara 1200 hadi 1300 kwa dakika. Kipande cha 140 huondoa karibu wati 135. Hii ni kadirio, rejeta hazifanani, lakini inatosha kukuepusha na kosa kubwa. Tofauti ya joto nayo hukua sawia na wati: mfumo unaotoa wati 400 kwa nyuzijoto 10 utatoa 600 kwa nyuzijoto 15.

Chukua mtu mwenye Ryzen 7 7800X3D na RTX 4070. Prosesa hiyo mara nyingi haifiki hata wati 100 mchezoni. Tuseme 80, ongeza 200 za kadi na 15 za pampu: jumla 295. Rejeta moja ya 360 inamtosha, na atakaa kwenye tofauti ya nyuzijoto 10.

Sasa chukua mwenye i9-14900K iliyoovaklokiwa inayokula 180 mchezoni, pamoja na RTX 4090 iliyo kwenye 450. Ongeza 15 za pampu: 645. Rejeta mbili za 360 ni vipande sita, sawa na wati 600 kwa nyuzijoto 10, kwa hiyo atakuwa kwenye 10.75. Hiyo ni sawa kabisa. Akijaribu kubana wati hizo zote kwenye 360 moja, kwa kasi ile ile ya feni, maji yatazidi hewa kwa nyuzijoto 21.5.

Onyo: rejeta ya 120 peke yake haifai kwa prosesa iliyoovaklokiwa, hata ikiwa nene. Inafaa kama nyongeza ya nyuma ya kasha tu.

Hatua ya 4: Pima kasha, usiamini jina

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Rejeta ya 360 haina urefu wa milimita 360. Ina matangi mawili kwenye ncha zake, na urefu wake kamili huwa karibu na milimita 400. Ya 240 hukaribia 280, ya 280 hupita 310, na ya 420 hukaribia 460. Soma vipimo vya mtengenezaji, kisha ongeza milimita 30 hadi 40 za fitingi na mpira unaopinda upande ule wenye matundu.

Unene nao ni wa vitu viwili pamoja. Rejeta ya milimita 30 na feni ya 25 ni 55. Ya 45 na feni ni 70. Ya 60 ikiwa na feni pande zote mbili ni 110, na makasha machache sana yana nafasi hiyo.

Kata kadibodi yenye urefu na upana kamili wa rejeta unayoitaka, ongeza ukanda wa kuonyesha unene pamoja na feni, kisha iingize kwenye kasha likiwa na vitu vyote ndani. Angalia sehemu hizi:

- Ikikaa juu: je, inagusa RAM ndefu, vipoza vya volti vilivyo pembeni mwa prosesa, au plagi ya umeme ya prosesa kwenye kona ya juu? Plagi hiyo husahauliwa mno, nayo ndiyo hukwamisha rejeta ikiwa imebaki sentimita moja tu.
- Ikikaa mbele: kadi ya michoro inabaki na urefu gani? Toa unene wa rejeta na feni kwenye urefu ambao kijitabu cha kasha kinasema kadi inaweza kuwa nao.
- Ikikaa chini: plagi za chini za madabodi na nyaya zake zina pa kupita?
- Mbele na juu kwa pamoja: rejeta mbili zinagongana kwenye kona? Makasha mengi yanaruhusu 360 mbele au 360 juu, lakini si zote mbili zikiwa nene.

Usiagize chochote kabla kadibodi haijaingia bila kulazimishwa.

Hatua ya 5: Chagua unene

Kwa mtu wa michezo anayetaka feni tulivu, milimita 30 hadi 45 ndiyo chaguo langu. Eneo linasaidia kuliko unene. Sababu yake ni rahisi: hewa ikiingia kwenye rejeta hupata joto kadiri inavyosonga ndani. Ikifika nusu ya pili ya rejeta nene, tayari imekaribia joto la maji na haina uwezo mkubwa wa kubeba zaidi. Unene wa 60 hulipa pale feni zinapozunguka kwa kasi kubwa na kuisukuma hewa ipite upesi. Kwa mizunguko 800 hadi 1000 kwa dakika, faida yake juu ya ya 45 ni ndogo mno kuweza kuhalalisha nafasi inayochukua.

Kwa hiyo ukiwa na nafasi ya 360 moja nene au 360 mbili nyembamba, chukua mbili nyembamba.

Hatua ya 6: Oanisha mapezi na feni

Rejeta huelezwa kwa idadi ya mapezi kwa kila inchi. Zenye 8 hadi 11 zina nafasi kubwa kati ya mapezi, hewa hupita kirahisi, na zinafaa feni za polepole. Zenye 12 hadi 16 ni za katikati. Zenye 20 na zaidi zina uso mwingi wa chuma, lakini zinahitaji feni yenye msukumo, la sivyo hewa inagoma kupita na kurudi pembeni.

Usichague rejeta leo na feni mwezi ujao. Ni kitu kimoja. Kwenye feni tazama kipimo cha msukumo, kinachoandikwa kwa milimita za maji, kabla ya kile cha wingi wa hewa. Noctua NF-A12x25 ina 2.34 kwa mizunguko 2000, Arctic P12 ina 2.2 kwa mizunguko 1800; zote mbili zinaiweza rejeta ya kawaida vizuri. Feni iliyotengenezwa kwa ajili ya kupepea tu ndani ya kasha, hata ikiwa na taa nzuri, hudhoofika mara inapokutana na mapezi.

Feni pande zote mbili, moja ikisukuma na nyingine ikivuta, zinasaidia kwenye rejeta nene au yenye mapezi yaliyosongamana. Kwenye ya milimita 30 utapata nyuzijoto chache kwa feni mara mbili. Mimi ningeweka pesa hiyo kwenye rejeta ya pili.

Hatua ya 7: Angalia chuma kilichotumika

Bloku nyingi ni za shaba, mara nyingi zimepakwa nikeli. Rejeta iwe ya mapezi ya shaba na matangi ya shaba njano. Rejeta za alumini zipo nyingi, hasa kwenye seti za kiwandani, na huko zinafanya kazi kwa sababu kimiminika chake kimewekewa dawa ya kuzuia ulikaji na mfumo haufunguliwi.

Onyo: usiitoe rejeta ya alumini kwenye seti ya zamani na kuiunganisha na bloku ya shaba kwenye mfumo wako mpya. Alumini na shaba zikiwa kwenye maji yale yale hufanya kazi kama betri, na alumini ndiyo inayoliwa. Kwanza utaona uchafu mweupe kama ute kwenye bloku, mtiririko utapungua, na mwishowe rejeta itatoboka. Muuzaji asipoweza kukuambia rejeta ni ya chuma gani, nenda kwa mwingine.

Hatua ya 8: Matundu, hesi na skrubu

Matundu ya kawaida ni ya hesi ya G1/4, na fitingi karibu zote zinafuata hiyo. Rejeta nyingi zina matundu mawili upande mmoja. Nyingine zina tundu moja kila ncha, na nyingine zina matundu mengi yenye vizibo, ambayo yanarahisisha sana kutoa hewa na kumwaga maji. Nikiwa na chaguo, nachukua yenye matundu mengi.

Fitingi kaza kwa mkono mpaka oringi, ile pete ya mpira ya kuzuia uvujaji, ibanwe, kisha robo ya mzunguko. Spana kubwa haihitajiki, na shaba njano ni laini, hesi yake huharibika upesi.

Skrubu za feni nazo zina hatari yake. Mashimo ya rejeta huwa ya M3, M4 au UNC 6-32 kutegemea mtengenezaji, na ukilazimisha isiyo yake utaua hesi. Feni ya milimita 25 hufungwa kwa skrubu ya 30. Feni za unene wa 30 nazo zipo, na hizo zinataka skrubu ya 35. Ukifunga feni ya 25 kwa skrubu ya 35, ncha inaweza kutoboa mfereji wa maji ulio chini ya shimo. Baadhi ya rejeta zina kibamba cha kinga hapo, nyingi hazina. Kabla ya kufunga, pitisha skrubu kwenye feni ikiwa mkononi na upime inajitokeza milimita ngapi. Tano zinatosha.

Hatua ya 9: Panga mahali na mwelekeo wa hewa

Rejeta inayovuta hewa ya nje kuingia ndani hupata hewa baridi kuliko ile inayotoa hewa iliyokwisha kupashwa na kasha. Lakini zote zikiingiza, hewa moto hujaa ndani, na vipoza vya volti, RAM na diski vinateseka. Ukiwa na mbili, acha ya mbele iingize na ya juu itoe, kisha feni ya nyuma itoe pia. Ukiwa na moja tu inayopoza prosesa na kadi, iwe ya kuingiza, mradi kuna njia ya hewa kutoka.

Kuhusu mpangilio wa mipira, yaani maji yapite rejeta kwanza au prosesa kwanza, usipoteze usiku wako. Mtiririko wa lita 4 kwa dakika ukibeba wati 400 hupanda nyuzijoto 1.4 tu kwa kupita mara moja. Panga mipira kwa njia fupi na safi. Sharti ni moja tu lisilovunjwa: tangi liwe kabla ya pampu na juu yake, ili pampu isizunguke kavu hata sekunde chache.

Kwa seti ya kiwandani, hakikisha sehemu ya juu ya rejeta iko juu kuliko pampu iliyo kwenye bloku. Hewa kidogo iliyomo hukimbilia mahali pa juu, nawe unataka ikae kwenye rejeta.

Hatua ya 10: Osha rejeta kabla ya kuifunga

Rejeta mpya ina mabaki ya kulehemu ndani yake. Mimina maji yaliyokenekwa yenye joto la kuvumilika mkononi hadi nusu, ziba matundu, itikise kwa dakika kadhaa, mwaga kwenye beseni jeupe. Utaona chembe na rangi. Rudia mpaka maji yatoke safi mara mbili mfululizo. Hatua hii inachosha, lakini bloku za siku hizi zina mifereji myembamba sana, na uchafu wote wa rejeta huishia humo.

Hatua ya 11: Jaribu uvujaji, halafu joto

Jaza maji, washa pampu peke yake kwa pawasaplai huku madabodi na kadi hazina umeme, tandika karatasi nyeupe kavu chini ya kila kiungo, na uache saa 24. Ukiwa na pampu ndogo ya kupimia kwa hewa, ipandishe hadi baa 0.5 kabla hujatia maji, kisha angalia kama mshale unashuka.

Baada ya hapo cheza mchezo wako mzito kwa saa nzima. Maji huchukua muda kufikia joto lake la kudumu, kwa hiyo vipimo vya dakika tano havisemi kitu. Soma joto la maji, toa joto la hewa inayoingia kwenye rejeta, linganisha na ulichopanga kwenye hatua ya 2.

Na feni zifuate joto la maji. Zikifuata joto la prosesa zitapanda na kushuka kila unapofungua ukurasa, kwa kuwa kiini huruka nyuzijoto 20 ndani ya sekunde moja. Waya wa sensa ukiingia kwenye madabodi au kidhibiti cha feni, panga kwa mfano mizunguko 700 maji yakiwa chini ya 33, 1200 yakifika 40, na kasi yote yakifika 45. Mwenye chumba cha joto azisogeze namba hizo juu kidogo.

Matatizo na namna ya kuyatafuta

Maji ni baridi, kiini ni moto. Maji yako kwenye 36 na prosesa iko 95? Usinunue rejeta nyingine, haitakusaidia. Fungua bloku, angalia kama pesti imesambaa, kama skrubu zimekazwa sawa kila kona, na kama ule utando wa kinga wa plastiki umebanduliwa. Yote yakiwa sawa, punguza volti. Prosesa inayobana wati 300 kwenye eneo dogo itakuwa moto hata kwa maji mazuri.

Maji ni moto, feni zinazunguka kwa nguvu. Weka mkono upande ambao hewa inatokea. Hewa kidogo na moto sana maana yake mapezi yamezibwa na vumbi, au feni hazina msukumo, au paneli ya kasha imekaa karibu mno na feni. Ondoa paneli kwa dakika 20. Maji yakishuka nyuzijoto kadhaa, kasha ndilo linalobana hewa. Hewa ikiwa nyingi na ya uvuguvugu tu wakati maji ni moto, shuku mtiririko wa maji.

Rejeta ina upande moto na upande baridi. Tofauti ndogo ni kawaida. Ikiwa kubwa hadi unaihisi kwa kidole, maji yanapita polepole mno: mpira umekunjika, bloku imeziba, pampu iko kwenye kasi ya chini, au hewa imenaswa ndani.

Sauti ya maji kuchuruzika. Ni viputo. Zima kompyuta, iinamishe kasha taratibu mbele, nyuma na pembeni huku pampu peke yake ikizunguka na tangi likiwa limejaa. Rudia kwa siku mbili tatu ukiongeza maji tangi linaposhuka.

Joto lilikuwa zuri, sasa linapanda mwezi kwa mwezi. Mara nyingi ni vumbi. Puliza kutoka upande unaotoa hewa kwenda unaoingiza, na ushike pangaboi za feni zisizunguke wakati wa kupuliza. Ukiona bado, mwaga maji kidogo kwenye glasi: yakiwa na rangi, chembe au ute, osha mfumo wote na bloku uifungue.

Unyevu kwenye kona ya rejeta. Zima, chomoa umeme, pangusa, kisha funga karatasi ya chooni kwenye kila kiungo ili uone kipi kinalowa kwanza. Ikiwa ni fitingi, badili oringi. Ikiwa ni chini ya skrubu ya feni, rejeta imetobolewa. Usijaribu kuiziba kwa gundi ukiwa na kadi ya michoro chini yake, ibadilishe.